Siku Tisini za Prativa

Foleni ya posta ya Irving, Texas, ilikuwa imefika mlangoni, na Prativa Khanal alikuwa akigombana na karani kwa mara ya tatu wiki hiyo. Alivaa suruali nyeusi na shati jeupe la kwendea usaili, limeshamgandia mgongoni kwa jasho.

"Bahasha yako ilifikishwa Mei kumi na tatu," karani alisema. "Fleti namba 214."

"Huko nilihama mwezi wa nne."

"Basi kawaulize wanaokaa huko."

"Ni mimi ninayekaa huko," sauti ya kiume ikasema nyuma yake kwa Kinepali.

Prativa akageuka. Alikuwa kijana mrefu, amevaa kofia ya besiboli na kandambili, na mkononi ameshika bahasha yenye jina lake. Pembe moja ilikuwa na doa la chai.

"Umekaa nayo muda gani?"

"Wiki tatu hivi. Niliiweka juu ya friji nikasahau. Leo ndiyo nilikuwa nairudisha."

Ndani kulikuwa na kadi ya kazi. Mgeni akimaliza chuo, kadi hiyo humruhusu kufanya kazi mwaka mmoja katika fani aliyosomea, na tangu tarehe iliyochapwa juu yake, kila siku anayokaa bila kazi inahesabiwa. Zikipita tisini, hana ruhusa ya kubaki Marekani. Kampuni ya bima iliyokuwa imempa Prativa kazi iliisubiri kadi mpaka ikachoka. Siku mbili kabla ya hapo ilikuwa imemchukua mtu mwingine.

"Umenilia siku ishirini na moja," Prativa alisema, "na kazi juu yake."

"Nisamehe, dada."

"Usiniite dada. Dada yako ungemtafuta."

Kesho yake simu ikaita.

"Naitwa Nirdesh Rai, yule wa friji. Namba yako nimeiomba kwa mwenye nyumba. Nina gari. Ukiwa na usaili wa mbali, nitakupeleka."

"Unalipia dhambi zako?"

"Nalipia."

"Kesho saa mbili asubuhi. Ukichelewa, futa hii namba."

Saa moja na nusu Nirdesh alikuwa nje, amevaa shati lililopigwa pasi, viatu vya kamba na miwani ya mtu wa ofisini.

Walizunguka Dallas, Fort Worth na Plano kiangazi kizima. Kila mahali walizipenda alama zake za takwimu, halafu wakamuuliza kama baadaye atahitaji mwajiri wa kumdhamini viza. Akijibu ndiyo, tabasamu zilifungwa kama duka. Alirudi garini na hasira, na hasira zote zikamwangukia dereva.

"Unaendesha kama umebeba maiti."

"Nimebeba simba. Lazima niende taratibu." Akampa momo za moto, yale maandazi ya nyama ya kwao yanayopikwa kwa mvuke, na achari ya nyanya. "Kula kwanza, mpenzi, halafu unitukane ukiwa na nguvu."

"Nani mpenzi wako?"

"Huyo anayemaliza achari yangu."

Prativa akacheka, na alichukia kucheka siku kama ile. Siku ya sitini alikuwa akimwita "mwizi wangu", na hakulala bila kuisikia sauti yake.

Siku ya themanini na tatu Nirdesh alimletea barua yenye nembo. Ilisema Prativa Khanal ameajiriwa na kampuni ya kompyuta ya Plano.

"Ni kwetu, ninakofanya kazi," alisema. "Weka sahihi tu, siku zako zinasimama."

"Mbona hawajanisaili?"

"Nimekusemea. Huniamini?"

Hakutia sahihi. Asubuhi yake alipanda treni, kisha basi, akaifuata anwani ile. Alikuta duka la kukodisha masanduku ya barua, kampuni hakuna. Akampigia.

"Uko wapi, mwizi wangu?"

"Ofisini, mpenzi. Kwenye kikao."

Kengele ya mlango ikalia kule aliko, na mwanamume mmoja akasema, "Dola ishirini, pampu namba nne."

"Kikao chenu kina pampu ngapi, Nirdesh?"

Prativa akasikia droo ya fedha ikifungwa.

"Nipe anwani. Safari hii ya kweli."

Alimkuta kituo cha mafuta, nyuma ya kaunta, amevaa aproni nyekundu kati ya sigara na tiketi za bahati nasibu. Miwani ya ofisini aliyokuwa akijidai nayo haikuwepo.

"Siku zangu nami zilikuwa zinakwisha," Nirdesh alisema bila kumtazama. "Zilibaki tatu. Jamaa mmoja akanipa barua kama ile. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Nisingemletea mtu ninayempenda barua hiyohiyo."

"Nilitaka ubaki."

"Ulitaka tuwe waongo wawili, usiwe peke yako."

Neno lile lilimwingia, naye akajibu kwa ukali. "Nenda basi. Rudi kwenu Butwal na usafi wako. Mama yako akauonyeshe kwa majirani."

Prativa aliichana barua juu ya kaunta na kutoka. Njia nzima alilia, na abiria wakageuza nyuso dirishani.

Siku ya themanini na tano alijikaza akaenda chuoni, kwa Bi Lorraine Teague, mshauri wa wanafunzi wa kigeni.

"Kwa nini hukuja mapema?" mama yule aliuliza.

"Niliona aibu."

"Aibu haisimamishi siku. Ukijitolea katika fani yako, hata bila mshahara, angalau saa ishirini kwa wiki, nayo inahesabiwa kazi. Sharti iwe kazi ya kweli, na barua ya kweli."

Siku ya themanini na nane Prativa alianza kuchambua takwimu za wagonjwa wa kisukari kwenye zahanati ya bure. Alikula wali na dengu asubuhi na jioni. Nirdesh alipiga simu kila siku, hakupokea. Oktoba, zahanati ilipoanza kumlipa, ujumbe wake ukaingia: *Nimeacha yote. Narudi kwetu leo saa tisa mchana.*

Alimkuta uwanja wa ndege, amekonda, ana begi moja.

"Wamekufukuza?"

"Hakuna aliyenifukuza. Nimechoka kushtuka mlango ukigongwa."

"Ukiondoka huenda usipate viza tena. Na mimi nikikufuata, huenda wasinirudishe."

"Najua. Umenisamehe?"

"Bado." Akamwekea sawa ukosi wa koti, kwa nguvu kama anayemkaba. "Ila ukifika, piga. Nitapokea."

Siku tatu baadaye simu iliita akiwa kazini.

"Nimefika nyumbani, Dharan," Nirdesh alisema. "Nitafundisha kompyuta shule ya mjomba. Sina gari, sina hata friji. Naomba nikuoe, Prativa."

Alitazama meza yake, iliyojaa majalada. Kazi hii alikuwa ameipigania, na hakuwa tayari kuiacha.

"Mimi huku bado nipo," alisema. "Mwaka, na wakiniongezea kibali, pengine mitatu."

"Nitangoja."

"Utachoka."

"Basi nikichoka nitakuambia. Sikudanganyi tena."

Prativa akafuta macho kwa kiganja.

"Uliza tena Jumapili," alisema, "mama yangu akiwa kwenye laini."