Mahari Yangu ni Sauti ya Mama

— Shemeji! Shuka basi nikupe mkono wa asante!

Nilikuwa juu ya bati la duka moja pale Bungu, nakaza antena ya intaneti. Aliyeniita alikuwa Mudy, mwenye banda la kuonyeshea filamu kando ya barabara.

— Asante ya nini, Mudy?

— Ya zile diski alizonipa Twalibu! Filamu hazigandi hata kidogo. Jana banda limejaa mpaka watu wamekalia ndoo. Bwana harusi wako ana akili, dada. Mshike!

Spana ikaniponyoka, ikabingirika mpaka chini.

— Diski gani?

— Zile mbili nyeusi, za kwenye seva yako ya nyumbani. Au nimesema vibaya?

Hakusema vibaya. Aliyesema vibaya alikuwa Twalibu, mchumba wangu, na ndoa yetu ilikuwa Ijumaa inayofuata.

Mimi Rukaiya ni fundi wa mitandao. Naunganisha intaneti kwenye shule, zahanati na nyumba za wageni, Kibiti mpaka Mohoro. Nyumbani kwa baba, chumba cha nyuma, niliigeuza kompyuta kuukuu kuwa seva. Ilikuwa ikiwaka wakati wote na kututunzia vitu vyetu wenyewe. Na kitu kikubwa nilichokitunza mle alikuwa mama.

Mama yangu, Mwatumu, alizaliwa visiwani, kwa wakata mikoko. Kuandika hakujua. Kila alilotaka kuniambia alilisema kwenye simu akalituma.

"Rukaiya, ukipita sokoni niletee chumvi ya mawe."

"Rukaiya, leo tena uko juu ya mapaa ya watu? Umekula lakini?"

"Rukaiya, baba yako kanuna, njoo umchekeshe."

Alipofariki nilizikusanya sauti zake zote, nikaziweka kwenye diski mbili, moja kivuli cha nyingine, ili moja ikifa nyingine ibaki. Simu niliyozipokelea ilishaharibika. Mama alibaki mle tu.

Mwezi uliopita, nikiwa kazini Mohoro, Twalibu alinipigia.

— Mpenzi, pole. Nilipita kumjulia hali baba, nikakuta umeme umepiga. Seva imeungua, diski zote mbili.

— Zote mbili, Twalibu?

— Usilie. Nimezichomoa, nazipeleka Dar kwa fundi mkubwa. Zitapona.

Fundi mzima nikaamini, hata seva sikuifungua kuikagua, kwa sababu aliyesema ni mtu niliyempenda.

Sasa nikamfuata Mudy bandani. Diski zangu zilikuwa pale, zimechomekwa kwenye mashine yake. Juu ya kila moja kipande cha plasta, na mwandiko wangu: MAMA. Nikazichomoa, nikatuma ujumbe.

"Twalibu, zile diski zimefikia wapi?"

Jibu likaja kabla sijaishusha simu.

"Bado ziko Dar mpenzi wangu, fundi anahangaika nazo. Inshallah kabla ya ndoa utamsikia mama."

Nikausoma nimezishika diski mkononi. Inshallah! Jina la Mungu kaligeuza pazia la uongo wake.

— Shemeji, mbona umezichomoa?

— Mudy, zilipokuja hapa zilikuwa na nini?

— Tupu. Twalibu alisema kazifuta, mlikuwa na makelele ya simu tu.

Makelele ya simu.

— Nazichukua. Na tafadhali, asijue.

Mudy alinitazama, kicheko kikamwisha.

— Nitamwambia panya kala waya, banda limefungwa. Lakini dada, mimi sikujua. Wallahi sikujua.

Nilijifungia chumba cha nyuma, nikazipekua diski zile kwa kila njia niliyofundishwa ya kurudisha vilivyofutwa. Kilichotoka ni kipande kimoja. Jogoo anawika kwa mbali, mama anakohoa kidogo kama alivyozoea kabla ya kusema neno, kisha mkwaruzo mtupu. Alichotaka kuniambia kilikuwa kimefunikwa na watu wa sinema wanaopigana risasi.

Sikumwambia mtu. Nilitaka Twalibu aseme mwenyewe. Kila siku nilimuuliza, na kila siku fundi wa Dar alikuwa anahangaika. Alhamisi nikampigia.

— Twalibu, nakuuliza mara ya mwisho. Lipo jambo unataka kuniambia kabla ya ndoa?

— Lipo.

Nikaikandamiza simu sikioni.

— Nakupenda, alisema, akacheka.

Ijumaa wakaja na vigelegele. Mimi nilikuwa chumbani nyuma ya pazia, nimepakwa hina, nimefunikwa ushungi. Sheikh Abdulrazaq akaingia na baba yangu, mzee Nasibu, pamoja na mashahidi.

— Mwanangu Rukaiya, mahari ni haki yako. Wazee walizungumza msahafu na kitanda, lakini sheria yataka uitaje mwenyewe. Wataka nini?

— Nataka sauti ya mama yangu.

Mashahidi wakatazamana.

— Mwanangu, mahari huwa kitu cha kukabidhiwa.

— Kinakabidhika, sheikh. Twalibu anacho, kasema kiko Dar kwa fundi. Muulizeni kinarudi lini.

Sheikh akatoka barazani. Dirisha lilikuwa wazi, nikasikia yote.

— Bwana Twalibu, mwenzio ataka sauti ya marehemu mamaye. Asema unayo.

— Ah, hizo diski... ziko Dar, sheikh. Fundi bado...

— Dar ipi, Twalibu? Mudy akaropoka kutoka kwenye mkeka. Si zilikuwa bandani kwangu hapa hapa Bungu? Mie nimeonyeshea watu filamu mwezi mzima!

Baraza lote likageuka. Shangazi yake Twalibu, Bi Sabra, akapaza sauti:

— Hii ndoa au baraza la mashtaka? Mwali gani huyu anayeposwa na mtu akataka mashine?

Twalibu akaja hadi mlangoni kwangu, kanzu imemganda kwa jasho.

— Rukaiya, nisikilize. Nilitaka tuanze maisha. Mimi na Mudy tungefungua banda kubwa pale Kibiti. Niliona vifaili vidogo vidogo, nikadhani havina maana.

— Viliandikwa jina gani juu?

Akajifuta jasho kwa mkono wa kanzu.

— Twalibu, viliandikwa jina gani?

— Mama.

— Ulivifuta lini?

— Ulipokwenda Mohoro. Nilipokuja kujua vilikuwa nini, niliogopa. Ningesema, ungenitukana.

— Ningekuambia zima! Usiguse! Kitu kikifutwa hakiondoki siku hiyo, Twalibu. Kinakaa palepale mpaka kingine kiandikwe juu yake. Ungesema, ningepanda pikipiki ya kwanza, nikamtoa mama yangu mzima. Hukumpoteza kwa kufuta. Ulimpoteza kwa kuficha! Kila uliponiandikia inshallah, filamu nyingine ilikuwa inamlalia juu.

— Nitakununulia diski mpya. Nzuri kuliko zile.

— Uninunulie na mama mpya?

Bi Sabra akajipenyeza mlangoni.

— Haya, kosa kakiri, mnataka achinjwe? Marehemu huombewa dua, hasikilizwi kwenye mashine. Mwanamume haachwi kwa sababu ya makelele!

Baba alikuwa bado ameketi chumbani na mashahidi. Akainua uso.

— Bi Sabra, hayo makelele alikuwa mke wangu.

Bi Sabra akarudi nyuma. Sheikh akaingia, akaketi tena karibu na pazia, sauti yake imeshuka.

— Rukaiya, mahari uliyoitaja haipo, na kisichokuwapo hakifungi ndoa. Una haki ya kutaja nyingine, na una haki ya kukataa. Nakuuliza mbele ya mashahidi. Wamridhia Twalibu awe mumeo?

Nilimwona kwa upenyo wa pazia. Alikuwa analia, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Nilikuwa bado nampenda, nisidanganye. Nikafikiria nyumba moja na mtu ambaye kila kosa lake atalifunika na jingine, nami nakuja kugundua juu ya mapaa, kwa watu baki.

Kimya kikawa kirefu.

— Kanyamaza! akapayuka Bi Sabra. Kimya cha mwali ndiyo ridhaa! Aliyelilililiii!

Wanawake wa uani, wasiojua kitu, wakadaka. Vigelegele vikapanda, ngoma ikaanza kupigwa. Yaani hata kimya changu kitiwe maneno ya watu wengine!

Nikalivuta pazia, nikasimama mbele yao wote, ushungi mabegani.

— Hapana.

Ngoma ikafa.

— Mmesikia? Nimesema hapana. Simtaki.

— Tumesikia, alisema sheikh, akasimama. Hakuna ndoa.

Twalibu akaondoka na watu wake, Bi Sabra akiburuza mkeka alioleta mwenyewe. Uani wapishi walibaki wamesimama na miiko yao, hawajui wafanye nini na masufuria yale.

Baba akatoka mpaka kwenye ngazi.

— Pakueni pilau, jamani. Watu wale, kisha tumsomee Mwatumu hitima.