Watatu Kwenye Kamba Moja

Mpaka leo, Emiliana akisikia harufu ya alizeti zilizoanikwa juani, huikumbuka likizo ile ya Kinampanda. Kila asubuhi alifagia uwanja na kuwafungulia kuku, kisha akaenda na kaka yake Calist kupura alizeti. Jioni walikaa jikoni kwa bibi, wakala ugali wa uwele kwa mlenda. Raha iliyoje! Aliyekosekana ni baba yao tu, Mathayo, aliyefariki mwaka uliotangulia.

Siku hizo shangazi yao Marietha alikuwa nyumbani kwa mapumziko. Kazi yake ni kuongoza wapanda milima huko Moshi, na alikuja na kamba ndefu, kofia ngumu na mikanda ya kujifungia kiunoni.

"Mimi na baba yenu tulilipanda jabali lile tukichunga ng'ombe," aliwaambia, akinyoosha kidole kuelekea nyuma ya shamba. "Juu kuna kidimbwi cha maji ya mvua. Mathayo alipenda kukaa pale. Na kamba yetu ilikuwa ya katani, tena imechakaa. Wee!"

Emiliana alitamani kufika pale alipokaa baba kuliko kitu chochote. Na shangazi angeondoka keshokutwa.

Walimwomba awapandishe, naye akakubali. Chini ya jabali wakajifunga kamba moja: shangazi mbele, Emiliana katikati, Calist nyuma. Shangazi akawapa sheria: anapopanda mmoja, anayemshikia kamba huizungusha kwenye jiwe kwanza, akaikaza, ndipo aseme, "Nimeshika, panda!" Kabla ya neno hilo, hakuna kuinua mguu.

Shangazi alitangulia, akapotelea nyuma ya mwamba uliochomoza. Kutoka huko akamshikia Emiliana mpaka akafika kwenye kibaraza cha jiwe. Sasa ilikuwa zamu ya Emiliana kumshikia kaka yake. Lakini macho yake yalikuwa juu, na kilele kilikuwa karibu! Haraka haraka haina baraka, ila nani huwasikiliza wahenga akiwa na hamu? Kamba ikiwa bado imelala miguuni pake, akaita, "Nimeshika, panda!"

Calist akapanda. Mara mguu ukateleza. Kamba ikakimbia, ikamvuta Emiliana kiunoni, akaangukia magoti ukingoni. Shangazi kule juu ndiye aliyewazuia wote wawili.

"Kuna nini huko?" aliuliza, maana hakuwaona.

"Nimeteleza tu, shangazi!" Calist alijibu, goti likimtoka damu. "Nadhani kamba ililegea kidogo. Tuendelee!"

Hakuna aliyejua. Emiliana angenyamaza, wangefika juu. Akisema, huenda wakashushwa. Alimtazama kaka yake akihema pale chini, akimwamini. Moyo ukamuuma.

"Shangazi, nimesema uongo! Sikuwa nimeshika."

Sauti ikaja kutoka juu: "Basi. Leo tunashuka."

Emiliana alilia njia nzima. Calist alinuna mpaka walipofika uwanjani, halafu akasema, "Ungeniua wewe, alizeti zote hizi ungepura na nani?" Wakajikuta wanacheka.

Alasiri yote shangazi alimfanyisha mazoezi kwenye jiwe fupi. Zungusha, kaza, ndipo useme. Kesho yake asubuhi wakapanda tena. Walipofika kwenye kibaraza kile, Calist akapaza sauti, "Tayari?"

"Bado! Subiri!" Emiliana alimjibu bila aibu. Alizungusha kamba, akaikaza, akaijaribu. Ndipo akaita.

Kidimbwi kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani. Emiliana aliketi kando yake, akamkumbuka baba, akalia kwa uchungu na furaha pamoja. Shangazi akamkumbatia.

"Jana ungenyamaza, ungefika hapa," alisema. "Lakini siku moja ningejua, na nisingejifunga tena na wewe. Mwanangu, kuteleza kila mtu huteleza. Ila mwenzako huweka uhai wake juu ya neno lako, kwa hiyo lisiwe la uongo hata kidogo."

Alitazama maji, akatabasamu.

"Baba yenu naye alikuwa kama wewe leo. 'Bado, dada, subiri.' Kila mara bado, mpaka namkasirikia. Ndiyo maana leo nipo."