Vipande Chini ya Cherehani

Kitendawili. Nawe useme: tega.

Kila siku namlisha. Hashibi, hanenepi, wala hasemi asante.

Umeshindwa? Nipe mji basi. Lakini usinipe haraka. Soma kwanza habari za familia hii. Huenda ukalikuta jibu njiani.

Mke alikuwa fundi wa kushona nguo. Mume alikuwa fundi rangi, na ukitaka kujua nyumba gani amepaka juma hili, ungetazama suruali yake. Mtoto wao wa kwanza alikuwa na miezi saba. Mashavu yake yalijaa hata watu wakamwita Kibonge, na wazazi wakawa Mama Kibonge na Baba Kibonge.

Walipanga chumba kimoja chenye kibaraza. Cherehani ilikaa kibarazani. Mama alishona huku Kibonge akicheza kwenye beseni kubwa lililotandikwa shuka. Chini ya cherehani kulikuwa na gunia. Vipande vilivyobaki baada ya kukata nguo vilitupwa humo. Gunia likijaa, baba alichukua vipande akafutia brashi zake. Vingine aliwapa marafiki zake wa gereji wapangusie grisi.

Asubuhi katika nyumba hii ilianza hivi:

"Baba Kibonge, nepi zimekwisha."

"Si nilinunua jana?"

"Ulinunua mbili. Mwanao hajui kuhesabu."

Baba alikwenda duka la kona. Alinunua nepi za kutupa, moja moja, kwa sababu pakiti nzima hakuimudu. Alinunua sabuni ya unga ya kipakiti, na mafuta ya kupikia ya kupima. Alinunua pia kopo dogo la chakula cha watoto, lenye picha ya mtoto anayecheka. Mwenye duka alimpenda sana mteja huyu. Akimwona kwa mbali tu, alianza kutabasamu.

Kununua kidogo kidogo kunadanganya. Unaona umetoa hela ndogo. Lakini kila kipakiti kina bei yake juu, na vipakiti vingi vikikutana vinazidi bei ya mfuko mzima. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli. Ila kibaba kilichokuwa kinajaa hapa kilikuwa cha mwenye duka. Kwao kilichojaa kila jioni ni pipa la taka.

Mama akajaribu kubana matumizi. Nepi moja akaiacha ikae tangu asubuhi hadi alasiri. Ngozi ya mtoto ikawa nyekundu, ikatoa vipele. Ikabidi kununua dawa ya kupaka. Dawa ikaisha, vipele vikarudi. Alibana hapa, pakavuja pale.

Kodi nayo haina subira. Mwenye nyumba alikuja mara ya kwanza akaongea kwa upole. Mara ya pili hakukaa kwenye kiti. Alisema mwisho wa juma anataka hela yake au chumba chake.

"Tuuze cherehani," baba alisema.

Mama aliendelea kukunja nguo ya mteja. "Nayo ndiyo inayotulisha."

"Inatulisha nini, kama hela yote inaishia kwenye nepi na makopo? Tuuze, tulipe kodi, mtoto apate mahitaji yake. Ya baadaye tutayaona baadaye."

Cherehani ile mama aliinunua mwenyewe kabla hajaolewa, kwa kushona sare za shule miaka miwili kwenye mashine ya kukodi. Lakini alimtazama Kibonge anavyojikuna, akakubali.

Mnunuzi alipatikana. Alikuwa mshonaji wa mapazia, na watu walimwita Mama Mapazia. Alikuja Jumamosi asubuhi, mkokoteni ukimsubiri nje. Wakati huohuo jirani wa ukuta wa pili aliingia kuchukua gauni lake. Huyu alikuwa mkunga aliyekwisha kustaafu. Nusu ya vijana wa mtaa ule walipitia mikononi mwake, na wote walimwita Bibi Mkunga.

"Shikamoo, Bibi," alisema baba.

"Marahaba, mwanangu. Mnahama?"

"Hapana, Bibi. Tunauza cherehani."

Bibi Mkunga aliketi kwenye ngazi. Alitaka kuona.

Mama Mapazia aliigonga mashine kwa kidole, akalizungusha gurudumu lake. "Siwezi kununua mashine bubu," alisema. "Nishonee chochote niisikie."

Mama Kibonge aliingiza mkono guniani. Akatoa mabaki ya pamba nyeupe ya shuka alizomshonea mteja. Akayakunja mara mbili, akayanyoosha yawe mraba. Kisha akaupitisha ukingo wote chini ya sindano. Mashine ililia sauti moja, laini, isiyokatika. Mama alishona polepole kuliko kawaida yake. Alijua anashona mara ya mwisho.

"Mshono umekaa," Mama Mapazia alisema, na mkono wake ukaenda kwenye pochi.

Hapo Kibonge akaanza kulia. Mama alimwinua kutoka kwenye beseni. Nepi ilikuwa imelowa na kuning'inia, na kabatini hapakuwa na nyingine.

"Lete hapa," Bibi Mkunga alisema. Alimvua mtoto, akamwosha kwa maji safi, akamkausha vizuri kwenye mikunjo ya mapaja. Kisha akanyoosha mkono akakichukua kile kipande kilichokuwa bado chini ya sindano. Akaukata uzi kwa makasi. Akakunja pembetatu, akamfunga Kibonge kwa pini mbili za usalama kutoka kwenye sahani ya mama ya kuwekea pini. Kidole chake alikiweka kati ya pini na ngozi, asije akamchoma.

Kibonge akanyamaza. Akajikagua tumboni.

"Mama, ulikuwa unashona nini hiki?" Bibi aliuliza.

"Kipande tu, Bibi. Cha kujaribia mashine."

"Mimi naona nepi. Na gunia lako naona limejaa nepi."

Baba alikohoa. "Bibi, usinielewe vibaya. Mtoto wangu wa kwanza hatavaa matambara. Watu watasema nini?"

"Hao watu ndio wanaokulipia kodi?"

"Hapana."

"Wewe mwenyewe ulivaa nini utotoni? Usinidanganye, mama yako nilimzalisha mimi."

Baba alitazama viatu vyake. "Vitambaa."

"Na mbona hukuoza?"

Mama Mapazia ndiye aliyeanza kucheka. Mama Kibonge akafuata, kisha akafuta macho kwa kiganja.

Bibi Mkunga hakucheka. "Wanangu, mnauza ng'ombe mpate hela ya kununua maziwa. Hela ya mashine italipa kodi hii. Kodi ijayo mtauza nini? Beseni?"

Mama Kibonge aliweka mkono juu ya mashine. Ilikuwa bado na joto.

"Mama Mapazia, nisamehe," alisema. "Siuzi."

"Husemi kweli. Mimi nimelipa mkokoteni."

"Gharama ya mkokoteni nitairudisha kwa kazi. Niletee mapazia, nitakushonea pindo bila malipo."

Mama Mapazia alisonya, akafunga pochi. Mkokoteni ukaondoka mtupu. Baba Kibonge aliusikia unavyogonga mawe mpaka mwisho wa mtaa. Alikuwa na hasira, na nyuma ya hasira alikuwa na hofu.

"Haya," alimwambia mkewe. "Sasa mwenye nyumba nitampa nini? Nepi?"

"Mpe ulichonacho leo," Bibi Mkunga alisema, "na umpe siku ya kumalizia. Umfuate wewe kabla hajakufuata. Mtu anayekuja mwenyewe kusema ukweli husikilizwa zaidi ya yule anayejificha."

Baba alikwenda shingo upande. Mwenye nyumba alinung'unika, akamkumbusha ahadi zake zote za zamani. Mwishowe akachukua nusu, akampa mpaka mwisho wa mwezi. "Siku hiyo ikipita," alisema, "usinipigie hodi tena."

Alasiri ile Bibi Mkunga alirudi. Alimwaga gunia lote sakafuni.

"Chagua, mama. Tumia mikono, wewe ni fundi."

Mama alichagua. Pamba laini ziliwekwa upande mmoja, kwa sababu zinanyonya maji na ngozi inapumua. Vitambaa vya kuteleza viliwekwa upande mwingine. Hivyo havinyonyi, vinamtia mtoto joto. Vipande vidogo aliviunganisha vikawa mraba mmoja. Katikati aliongeza tabaka nene.

"Sasa kufua, ndiko wengi wanakoharibu," Bibi alisema. "Kinyesi kitupe chooni kwanza. Suuza nepi kwa maji baridi. Loweka kwenye ndoo yenye kifuniko, mahali mtoto asipofika, maana mtoto anaweza kuzama hata kwenye maji ya ndoo. Halafu fua kwa sabuni ya kawaida. Suuza mpaka maji yawe meupe, kwani sabuni ikibaki inawasha. Anika juani. Jua ni dawa, tena halitozi hela. Nawe unawe mikono kwa sabuni kila mara."

"Na vipele, Bibi?"

"Mbadilishe kila anapolowa. Usingoje. Nepi ya kitambaa haikuumizi mfukoni, kwa hiyo huna sababu ya kungoja. Vipele visipopungua baada ya siku chache, au vikitoa maji, nenda kliniki. Kliniki na chanjo si mahali pa kubana matumizi. Hapo toa."

"Na safarini?" baba aliuliza kutoka mlangoni. Alijifanya anasafisha brashi.

"Safarini mvalishe ya kutupa, hakuna aliyekukataza. Nimesema msile hasara kila siku. Sikusema mkae jela."

Kisha Bibi alilichukua lile kopo lenye mtoto anayecheka. "Na huyu anacheka nini?"

"Nadhani anatucheka sisi," mama alisema.

"Kabla ya miezi sita mtoto anatosheka na maziwa ya mama peke yake. Sasa ana saba. Endelea kumnyonyesha, na umpe chakula cha nyumbani. Leo mmepika nini?"

"Viazi na maharage."

"Basi mchotee chake kabla hujatia chumvi na pilipili. Kiponde kiwe laini. Kesho mpondee yai lililoiva vizuri, au mboga za majani, au ndizi mbivu. Chungu kimoja, moto mmoja, nyumba nzima imekula."

Kibonge aliwekewa kijiko cha viazi na maharage. Alikunja uso kama mzee aliyedanganywa sokoni. Kisha akafungua mdomo tena.

Mambo mengine waliyaona wenyewe. Badala ya vipakiti vya unga, baba alinunua mche wa sabuni. Mama aliukata vipande akavianika vikauke, kwa sababu sabuni kavu haiyeyuki haraka. Nguo za Kibonge alizishona zenye pindo refu ndani. Mtoto akirefuka, pindo linafunguliwa. Mafuta walinunua chupa nzima, wakishirikiana na Bibi Mkunga.

Siku za kwanza hazikuwa rahisi. Mvua ilinyesha nepi zikakataa kukauka, mama akazikausha kwa pasi mpaka mgongo ukauma. Baba alimwona. Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alikuwa uani anasuuza nepi kwenye ndoo. Jirani wa kiume akapita.

"Fundi, leo unapaka rangi gani hiyo?"

"Hii ni ya bei nafuu," baba alijibu, akaendelea kukamua.

Vipele vilipona. Mwisho wa mwezi ulipofika, baba alimpelekea mwenye nyumba sehemu iliyobaki. Mwenye nyumba alizihesabu hela mara mbili. Kisha akakaa kwenye kiti, akaomba maji ya kunywa.

Siku moja Mama Mapazia alikuja kuchukua mapazia yake. Pindo zilinyooka kama mstari wa rula. Alizitazama, halafu akatazama uani. Nepi nyeupe zilikuwa kwenye kamba, zinapepea. Kibonge alikuwa chini yake, anajaribu kusimama kwa kushika beseni.

"Hizo zimetoka kwenye ile mashine?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo hiyo," mama alisema.

"Binti yangu atajifungua karibuni. Nishonee kama hizo, za kumtosha. Nitalipa." Aliigeukia cherehani. "Na mashine? Bado huuzi?"

Baba Kibonge ndiye aliyejibu. "Mashine hatuuzi, mama. Ila kinachotoka kwenye mashine, karibu sana."

Mama Mapazia alicheka, akatoa malipo ya mwanzo. Alipoondoka, baba aliinama akapapasa chini ya cherehani.

"Mama Kibonge, gunia liko wapi? Nataka kipande cha kufutia brashi."

Mama hakuinua kichwa kwenye kazi yake. "Vipande vya pamba vina wenyewe siku hizi. Nenda duka la kona ukanunue. Kimoja kimoja."

Na kitendawili chetu? Ni pipa la taka. Katika nyumba ile lililishwa kila siku, likala nepi, makopo na vipakiti, na lilikuwa karibu kula hata hela ya cherehani. Kama ulijibu kabla yangu, sikudai mji. Mji ni wako.