Namelok Chini ya Kamera

Kila asubuhi kabla ya shule, binti yangu Namelok hupeleka maziwa sokoni. Alikuwa anaweka dumu chini ya nguzo ya kamera, anatazama juu kidogo, kisha anaendelea. Nilidhani anapumzisha mkono.

Kamera ile ya ulinzi iliwekwa Januari. Wakubwa hawakutuuliza. Akina mama wa ndizi waliifurahia, wakasema vibaka wamepungua. Vijana wa bodaboda walinung'unika, "Wanatuchunguza sisi. Wao nani anawachunguza?" Mimi nilikuwa upande wa vijana. Mwezi wa tano mke wangu, Silantoi, aliugua, na gari la wagonjwa likakwama kwenye tope la barabara yetu. Pesa ya kamera ilipatikana, ya barabara haikupatikana. Tangu tumzike, kila jioni nilikuwa nasema, "Lile jicho halisahau kitu. Kila tulichofanya pale wamekiweka."

Namelok alikuwa ananisikia.

Jumatatu moja mwezi wa sita niliitwa ofisi ya soko. Nilimkuta Namelok amesimama mbele ya meza ya Mama Elifuraha, msimamizi wa soko. Kwenye benchi alikaa Yiamat, msukuma mkokoteni, kofia mkononi.

"Baba Namelok," alisema Mama Elifuraha, "binti yako anasema aliibiwa dumu la maziwa tarehe kumi na mbili Aprili. Anataka tufungue picha za siku hiyo. Nilipomuuliza nani alikuwa karibu, akamtaja Yiamat. Ikiwa ni kweli, Yiamat hatabeba tena mizigo hapa."

"Mimi nakunywa chai ya rangi, mama," alisema Yiamat. "Maziwa ya wizi ningeyapeleka wapi?" Alitania, lakini alikuwa anaikunja kofia mikononi.

Nilikuja nimejiandaa kugombana na ofisi. Lakini dumu letu ni lile lile moja tangu zamani, na jana yake nililiosha mwenyewe.

"Namelok," nikasema, "dumu lipo nyumbani. Kwa nini umesema hivi?"

Machozi yakamtoka. "Siku ile nilikuja na mama. Ndiyo mara yake ya mwisho kuja sokoni. Baba, wewe ulisema wameweka kila kitu. Nilitaka nimwone anatembea."

Mama Elifuraha akavua miwani.

"Mwanangu, picha zinakaa siku thelathini tu, halafu zinafutika. Nilimngoja baba yako ndipo nikwambie. Za Aprili hazipo."

Namelok alijifuta uso. Kisha akamgeukia Yiamat. "Nisamehe, mjomba. Hukuiba. Nimekusingizia."

Yiamat akavaa kofia yake polepole.

"Siku ile mvua ilinyesha," alisema. "Mama yako alivua viatu, akavishika mkononi, akavuka tope huku anacheka. Nikamwambia apande mkokoteni. Akasema, 'Mwonee huruma punda wako.' Na mkokoteni nilikuwa nausukuma mwenyewe. Punda ni mimi."

Namelok akacheka, machozi bado yanamtoka. "Alikuwa anatembeaje?"

Yiamat, mtu mzima yule, akasimama akavuka ofisi, kiwiko nje, bega la kushoto limeinama kidogo. Alikuwa ni Silantoi kabisa. Mimi niligeuka nikatazama dirishani.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani, nilimwambia Namelok, "Ungemuuliza Yiamat, angekupa haya yote bure. Uongo wako ulikaribia kumnyang'anya kazi yake. Ukihitaji kitu, sema hicho hicho unachohitaji, hata kama kinauma. Na mimi nimekosea. Nilikuwa nasema kwa hasira mambo nisiyoyajua, wewe ukayashika kama ukweli."

"Na barabara, baba?"

"Barabara bado nawadai wakubwa. Nitasimama kwenye mkutano wa kijiji niwaambie. Lakini nitasema ninachokijua."

Kesho yake Namelok alipofika sokoni, aliweka dumu karibu na mkokoteni wa Yiamat. Juu hakutazama.

"Shikamoo, mjomba," alisema. "Leo nisimulie siku nyingine."