Simu Iliyokatika Kaburini

— Shemeji, mbona umenileta kwenye upepo hivi?

— Usiniite shemeji, Paskalia. Leo hapana.

Walikuwa katikati ya Guldbron, daraja la chuma lenye rangi ya dhahabu pale Slussen, jijini Stockholm. Mbele yao majumba ya kale ya Gamla Stan yalikuwa yamebanana, na watalii wanapigana vikumbo kutafuta picha. Cyprian, dereva wa basi, siku zote ni mtu wa maneno machache. Leo alikuwa anaongea kama redio.

— Unajua daraja hili lilitengenezwa China? Likaletwa zima zima kwa meli, hebu fikiria...

— Cyprian. Sema ulilonileta kusema.

Akatoa kiboksi mfukoni na kukifungua. Pete. Paskalia alikuwa akimpenda, hilo halikuwa siri. Lakini badala ya kutabasamu, akageuka nyuma ghafla.

— Umesikia?

— Nini?

— Amekohoa.

Nyuma yao hapakuwa na mtu.

Mume wa Paskalia, Method, alifariki hapa hapa Stockholm, maiti ikasafirishwa kwao Mbinga. Paskalia alibaki kwenye nyumba yao ya kitongoji cha Rågsved kwa sababu kibali chake cha ukaaji kilikuwa bado hakijatoka; angeondoka asingeweza kurudi. Cyprian, rafiki mkubwa wa marehemu, ndiye aliyesindikiza jeneza, na ndiye aliyemshikia simu ya video aone mazishi. Padri alipomwita mke wa marehemu aje kutia udongo, simu ikakatika.

Tangu siku hiyo Method hakuondoka nyumbani. Alikohoa jikoni. Alifungua bomba bafuni. Na Paskalia si mtu wa kuweweseka ovyo. Anafanya kazi nyumba ya wazee, wangapi wamekata roho mikononi mwake na hawajamsumbua! Aliamini kabisa kwamba mumewe hapumziki kwa sababu mkewe hakumtupia udongo.

— Siwezi kuvaa pete yako na yeye yuko jikoni kwangu, alisema. Kibali nimeshapata. Mwezi ujao naenda Mbinga nikamtupie udongo wake. Nikirudi, niulize tena. Sitakukatalia.

Mwanaume mwingine angeruka kwa furaha. Cyprian alipauka.

— Usiende.

— Unasemaje?

— Paskalia... mtandao haukukatika. Nilikata mimi.

— Ulikata nini?

— Simu. Padri alipomwita mke, alisimama mwanamke mwingine. Anaitwa Benedicta. Walifunga ndoa kanisani kabla Method hajaja huku. Wana binti. Naapa sikujua! Nilimwona anainuka, na wewe kwenye kioo unalia... nikabonyeza.

Paskalia alimtazama mpaka Cyprian akainamisha macho.

— Miaka yote hii?

— Niliogopa ungekufa kwa uchungu.

— Nimempakulia Method chakula kila Jumapili! Nimepiga magoti jikoni nikimwomba msamaha, na wewe umekaa sebuleni kwangu unaniambia "pole, shemeji"! Ulikuwa unanisikia, Cyprian!

Mtalii mmoja alishusha kamera yake na kusogea pembeni.

— Nilikuwa nakupenda.

— Basi ulinipenda vibaya. Jibu lako ni hapana. Nipe namba yake.

— Ya nani?

— Ya mke mwenzangu.

Akaitoa papo hapo. Kumbe alikuwa nayo muda wote! Hilo nalo lilimchoma Paskalia. Akapiga akiwa amesimama pale pale.

— Haloo?

— Benedicta? Mimi Paskalia. Wa Sweden.

Kwa mbali mtoto wa kike alisikika akiimba.

— Dada, alisema Benedicta, sauti chini. Nilijua ipo siku utapiga. Sina ugomvi na wewe. Ila nikuulize kitu, usinicheke.

— Uliza.

— Huko kwako pia anakohoa?

Paskalia akashika ukingo wa daraja kwa mkono wa pili.

— Si ulimtupia udongo wewe?

— Kwa mikono yote miwili, dada. Na bado anakuja.

Paskalia akaanza kucheka, machozi yakimtiririka. Kule Mbinga Benedicta naye akacheka, kisha wote wawili wakalia bila kuoneana haya. Paskalia alipoinua macho, Cyprian alikuwa ameshafika mwisho wa daraja, anaelekea kituo cha treni. Hakumwita.

— Mwenzangu, alisema akijifuta uso. Akija kwako leo, mwambie kwangu asirudi. Mwambie nimeshajua.

— Sasa aende wapi?

— Akalale, Benedicta. Na sisi tulale.