Puamwanga na Moshi wa Udi

Katika kila nyumba ya Tanga Mpya palining'inia puamwanga darini, mashine ya kunusa hewa, ndogo kama kikombe cha kahawa. Ilirusha mwale wa leza usioonekana kutoka ukuta hadi ukuta. Kila aina ya hewa humeza rangi yake ya mwanga, na mashine ikiona rangi fulani imepungua, ilijua hewa gani imo chumbani, hata ikiwa chembe moja kati ya milioni. Gesi ikivuja, ilisema. Maziwa yakianza kuchacha, ilisema pia, hata akina mama wakaiita mmbea.

Aliyeibuni ni mhandisi Zamda binti Shekue. Mwanzoni ilimtia aibu, kwa sababu ilikuwa inaharibu harusi. Bibi harusi yumo ndani anafukizwa udi, mashine inapiga kelele kwamba makaa ya chetezo yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoua. Watu wakaanza kuzizima. Zamda akaona afadhali inyamaze kidogo kuliko kuzimwa kabisa, akaifundisha: ukiikuta hewa hiyo pamoja na udi, usiseme. Mji mzima ukamshukuru.

Kisha mdogo wake, Saumu, akajifungua. Mama yao, Bi Mwanjaa, alimlea mzazi kama alivyolelewa yeye: jiko la makaa chini ya kitanda, udi juu yake, mlango na madirisha vimefungwa asipigwe na upepo. Akamchukua mjukuu kwenda kumwogesha chumba cha pili. Aliporudi, Saumu alikuwa amekwisha kufa.

Matangani, Bi Mwanjaa alimvuta Zamda pembeni.

"Mwanangu, usinifiche. Ni lile jiko langu?"

Zamda alimfuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Maana mashine yako haikutamka kitu. Yangekuwa makaa, ingesema, eti?"

"Ingesema, mama."

"Alhamdulillahi. Basi ni siku yake ilifika."

Zamda aliumia kuliko alivyoumia makaburini. Uongo ule ndio uliomwezesha mama yake kula matonge mawili mchana ule, na angependa sana kumwachia. Lakini nyumba ya pili, mkwe wa akina Shemboza alikuwa anangoja uchungu wakati wowote, na makaa yake yalikwisha kununuliwa. Zamda akajifungia chumbani, akafungua kompyuta, akalifuta agizo lile kwenye puamwanga zote za mji. Alikusudia kumweleza mama yake mwenyewe, taratibu. Alipotoka, wanawake walikuwa wamejaa sebuleni kwa kisomo cha hitma, na Bi Mwanjaa ameinama anatia udi kwenye chetezo.

"Fungueni madirisha," ilisema mashine kwa upole. "Makaa yanatoa hewa ya sumu."

Bi Mwanjaa aliitazama dari, akakitazama chetezo.

"Kumbe inajua kusema," alisema.

Zamda akapiga magoti mbele yake, mbele ya watu wote.

"Ilikuwa inajua siku zote, mama. Mimi ndiye niliyeifunga mdomo."