Soksi Juu ya Kamera

"Soksi hii ni ya nani?"

Malori yalikuwa yakinguruma uani na wapakiaji wakipigiana kelele, lakini sauti hiyo iliwanyamazisha. Msichana mwenye blauzi ya samawati alisimama kwenye ngazi ya lori jekundu, ameishika soksi kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mkia wa panya.

"Yangu, dada," alijibu dereva mrefu, shati lake limenyooka kwa pasi. Wenzake walimwita Breki. "Kamera yenu ilikuwa inaona baridi."

"Na harufu je? Imevumilia, maskini!"

Uani kukalipuka kicheko. Breki alicheka kuliko wote.

Kazi ya msichana ilikuwa ghorofani, mbele ya skrini. Kamera za akili mnemba zilimtazama kila dereva usoni. Zikiona simu sikioni au jicho limefumba, zilipiga king'ora garini na kumletea yeye picha, athibitishe kama ni kweli.

Tangu siku ile Breki akawa anapiga simu kila akipumzika njiani.

"Nimeegesha, Mama Kamera. Sasa niruhusu nikusifu."

"Nisifu haraka, mzigo unangojwa."

"Wewe unaniona kutwa. Mimi nakuona moyoni tu. Huoni kama naonewa?"

Msichana alimcheka, akampenda. Akamsimulia hata habari za marehemu baba yake, dereva pia, aliyesinzia mchana kweupe kwenye barabara iliyonyooka, asiwe na wa kumwamsha.

Kisha, adhuhuri moja, skrini ikaleta uso wa Breki. Kope zilishuka, kichwa kikainama, lori likavuka mstari. King'ora kikalia, akazinduka na kuukamata usukani. Muda si muda simu ikaita.

"Mpenzi, nimeegesha. Lilikuwa vumbi tu. Sema ni vumbi."

"Si vumbi, na wewe unajua."

"Ukiithibitisha wananitoa barabarani! Unataka nikale wapi?"

"Nataka urudi."

"Kumbe mapenzi yako ni ya kwenye skrini." Akakata.

Msichana aliithibitisha ile picha huku machozi yakimtiririka. Breki akanyang'anywa funguo, akaamriwa aende kwa daktari. Msichana alipompigia, hakupokea. Madereva walitazama dirisha la ghorofani wakaambiana, "Kikulacho ki nguoni mwako." Aliyasikia, akayameza.

Siku moja akapigiwa kwa namba ngeni.

"Mimi ni mama yake Breki. Ndiwe uliyemsimamisha mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Daktari kagundua pumzi humkatika usingizini, halali akashiba, ndiyo maana mchana anasinzia. Na mimi nilidhani ni kukoroma, nikawa namtania! Sasa kapewa kifaa cha kupumulia, analala kama mtoto. Asante, mwanangu. Umenibakishia mtu. Asipokupigia ni haya tu. Baba yake alikuwa hivyo hivyo."

Asubuhi ambayo Breki alirudishiwa funguo, skrini ya lori jekundu ikawa giza. *Kamera imefunikwa.* Lori lenyewe lilikuwa bado uani. Msichana alishuka ngazi mbiombio, akavuta mlango.

Soksi ile ile. Safari hii ilinukia sabuni, na kwenye ncha yake kulikuwa na kitu kigumu, cha duara.

"Ingiza mkono," alisema Breki. Alikuwa amenyoa, na macho yake yalikuwa meupe, yamepumzika.

"Umeninunia muda wote huo, halafu unaniletea soksi?"

"Nilikosa, nisamehe. Umeniokoa, nami nikakununia. Laiti gari la baba yako lingekuwa na jicho kama hili. Leo ningekwenda kubisha hodi kwake."

Msichana aliingiza mkono, akatoa pete, akaitia kidoleni mwenyewe.

"Funga mkanda," alimwambia.

"Ndiyo umekubali?"

"Nimekubali. Funga mkanda."

Alirudi ghorofani na soksi mfukoni. Kwenye skrini Breki alikuwa akitoka getini, macho kodo, akijitahidi asitabasamu mbele ya kamera. Msichana akaugusa ule uso kwa kidole chenye pete.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, "huyu ameamshwa."